Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Ex-UK: Kurusha Cessna kutoka Wilson bila Picha Kugandaganda

Mpwa wangu alinunua kompyuta ya ex-UK mjini Nairobi, yaani ya mtumba kutoka Uingereza, Dell OptiPlex 9020, akaipeleka nyumbani Umoja ndani ya matatu akiwa ameipakata kama mtoto. Wiki mbili baadaye akanipigia simu kuhusu mchezo wake wa kurusha ndege.

"Mjomba, ndege inaruka kwa kurukaruka, kama mkanda wa video uliokatika. Nimeambiwa dawa ni kadi ya grafiki. Niko hapa Luthuli, kuna jamaa ana moja ya feni tatu, bei anashuka."

Nikamwambia asitume M-Pesa hata ya shilingi. Kadi ya feni tatu haingeingia kwenye kesi yake, na hata angeikata bati ikaingia, pawasaplai yake, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, isingeweza kuilisha. Alikasirika kidogo. Jioni alikuja kwangu na kompyuta yenyewe, tukaifungua mezani, na haya ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio tulioufuata.

Hatua ya 1: Jua ni nani anayekuchelewesha

Michezo ya ndege si kama ya mpira au ya kupigana risasi. Kwenye ile mingine kadi ya grafiki, inayochora picha, ndiyo punda, inabeba karibu kila kitu. Kwenye simyuleta ya ndege prosesa, ubongo wa kompyuta, nayo ina mzigo wake mkubwa. X-Plane, kwa mfano, huligawa bawa vipande vipande na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande, mara nyingi kila sekunde. Ongeza hali ya hewa, ndege nyingine angani na majengo ya mji mzima. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hupitia uzi mmoja mkuu wa prosesa, yaani foleni moja ya kazi, na kadi haiwezi kuugusa hata ungenunua ya bei ya shamba.

Kwa hiyo pima kwanza. Weka ndege kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, mchana, hali ya hewa tulivu, na uandike unapata fremu, yaani picha, ngapi kwa sekunde. Kisha shusha ukubwa wa picha kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, urudie pale pale. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayokuvuta nyuma, na pesa ya kadi itakuwa imepotea. Microsoft Flight Simulator hata hukuambia wazi: washa hali ya wasanidi kwenye mipangilio, fungua kihesabu cha FPS, yaani cha fremu kwa sekunde, nacho kitaandika kama unazuiwa na MainThread, yaani uzi mkuu wa prosesa, au na GPU, yaani kadi.

Ikiwa kompyuta yako haina kadi kabisa na inatumia grafiki ya ndani ya prosesa, kama Intel HD 4600 iliyo kwenye prosesa nyingi za kizazi cha nne, kipimo hiki hakina haja sana. Hiyo grafiki hula RAM ya kompyuta na haikukusudiwa kazi hii. Kadi itasaidia. Swali ni kadi gani.

Angalia RAM pia wakati mchezo uko wazi, kwenye Task Manager. Kama una GB 8 na zote zimejaa, kule kuganda kwa sekunde nzima unapogeuka kuelekea mjini hakutaondolewa na kadi. Vijiti viwili vya RAM vya GB 8, kimoja kwenye kila njia ya kumbukumbu, ni afadhali kuliko kimoja cha 16, na RAM za aina ya DDR3 za mtumba si ghali. Na kama bado unatumia diski ya kuzunguka, nunua SSD kabla ya kitu kingine chochote. Sitalisema mara mbili.

Hatua ya 2: Amua utarusha nini

Usiseme tu "flaiti simyuleta." Zinatofautiana kwa njaa.

Microsoft Flight Simulator ya 2020 inataka kwa uchache prosesa ya daraja la i5-4460, RAM ya GB 8, kadi ya daraja la GTX 770 au RX 570, na nafasi ya GB 150 kwenye diski. Inapendekeza GTX 970 yenye GB 4, na RAM ya GB 16. Ile ya 2024 ilianza palepale hii ya kwanza ilipopendekeza: kiwango chake cha chini ni GTX 970 na RAM ya GB 16. Zote mbili huvuta ardhi na majengo kutoka intaneti unaporuka, kwa hiyo anayetumia bando za simu ajiandae. Safari moja ya kwenda Mombasa inaweza kummalizia data kabla hajaona bahari.

X-Plane 12 inataka kadi inayoelewa Vulkan 1.3, lugha ambayo mchezo huongea na kadi, yaani NVIDIA kuanzia mfululizo wa GTX 900, au AMD kuanzia RX 500. X-Plane 11 ni mpole zaidi na bado unapendeza. FlightGear ni ya bure kabisa, imetengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, na ningependa kila anayeanza aijaribu kabla ya kutoa hela. Mtu akikuletea FSX ya 2006, jua kwamba ile hutegemea prosesa zaidi kuliko kadi. Kadi kubwa itakaa imepumzika tu.

Mpwa wangu alitaka ya 2020. Prosesa yake ilikuwa i5-4590, ikaingia mlangoni kwa kuinama.

Hatua ya 3: Fungua kesi upime

Hapa ndipo watu wengi wa Nairobi hukosea, kwa sababu kompyuta zetu nyingi ni za ofisi za Ulaya, na ofisi hazikununua kompyuta ili zirushe ndege. Chukua rula, karatasi na tochi ya simu.

Kimo cha kesi kwanza. OptiPlex 9020 ilitoka kwa maumbo kadhaa. Yenye alama ya MT ni mnara, inapokea kadi ya kimo cha kawaida. Yenye alama ya SFF ni nyembamba, inataka kadi ya nusu kimo yenye bati fupi. Zile ndogo kabisa, USFF na Micro, hazina sloti ya kadi. Hapo funga kesi, kunywa chai, fikiria kuuza. HP EliteDesk nazo zina migawanyo kama hiyo.

Pima urefu kutoka bati la nyuma hadi kitu cha kwanza kitakachozuia, ambacho kwa kawaida ni kikapu cha diski. Kisha tazama jirani wa sloti ndefu, ile ya x16. Kwenye baadhi ya kesi nyembamba sloti hiyo imebanwa na pawasaplai, kwa hiyo kadi nene inayochukua nafasi mbili haiingii hata kama ni ya nusu kimo. Hili halionekani dukani. Linaonekana nyumbani, usiku, baada ya risiti kupotea.

Sasa pawasaplai, na hapa nitakaa kidogo. Sloti yenyewe inaweza kuipa kadi hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huja na tundu juu yake: la pini 6 huongeza wati 75, la pini 8 huongeza 150. OptiPlex 9020 ya SFF ina pawasaplai ya wati 255, ya MT ina 290, na karibu zote hazina waya wa pini 6. Prosesa ya i5-4590 imepangiwa wati 84. Weka kadi ya wati 75, ongeza madabodi (bodi kuu ya kompyuta), diski na feni, unafika karibu wati 200. Inatosha. Weka RX 580 inayokula wati 185 peke yake, na kompyuta itazima kila unapokaribia kutua.

Soma karatasi iliyobandikwa kwenye pawasaplai. Tafuta mstari wa volti 12, zidisha ampea zake kwa 12. Hizo ndizo wati unazoweza kuzitegemea kwa prosesa na kadi. Namba kubwa iliyoandikwa kwa mapambo haikusaidii.

"Si kuna kile kiwaya cha kugeuza SATA kuwa pini 6?" mpwa wangu akauliza. Kipo, na kinauzwa kwa bei ya chapati chache. Plagi moja ya SATA imeundwa kupitisha takriban wati 54 kwenye volti 12. Ukiitaka ilishe kadi inayovuta 75, plastiki huanza kulainika, kisha kunuka, kisha kuwaka. Achana nacho.

"Basi nibadilishe pawasaplai." Kwenye mnara wa kawaida wa kuunganisha mwenyewe, sawa. Lakini madabodi ya 9020 haitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24; Dell waliweka ya pini 8 yao wenyewe, na HP nyingi za enzi hiyo nazo zina plagi zao. Utahitaji kiunganishi maalumu, na kwenye kesi nyembamba pawasaplai ya kawaida haina hata pa kukaa. Na zile pawasaplai zinazouzwa pamoja na kesi tupu, zimeandikwa wati 500 na ukizishika ni nyepesi kama kopo la biskuti lililoliwa, sizitaki ndani ya nyumba yangu.

Hatua ya 4: Chagua kadi

Kwa hiyo kwa kompyuta nyingi za ex-UK, chaguo limeshajibana lenyewe: kadi isiyo na tundu la umeme juu yake, ya wati 75 au chini.

GTX 750 Ti ya 2014 hula wati 60 na ina GB 2. Ni sawa kwa FlightGear na X-Plane 11, lakini GB 2 hujaa upesi. GTX 1050 Ti ya 2016 ina GB 4 na ndiyo iliyojaa zaidi madukani. GTX 1650 ya 2019 ina nguvu zaidi kwa wati zilezile 75, na ndiyo ningeichukua tofauti ya bei ikiwa ndogo. Kuna sababu ya pili: NVIDIA walifunga maboresho ya kawaida ya draiva, programu inayoiendesha kadi, kwa familia ya 1050 Ti mnamo Oktoba 2025, wakabakisha marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Familia ya 1650 bado inahudumiwa. Hakikisha tu uliyoshikilia haina tundu la pini 6, maana viwanda vingine viliiongezea.

Mwenye hela zaidi atazame RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024, wati 70, nayo pia huendeshwa na sloti peke yake. Iwe ile ya GB 6. Ya GB 8 inataka waya. Mwenye kesi nyembamba sana aulizie kadi za kiofisi kama Quadro P1000 au T1000. Ni za nusu kimo, nyembamba, hazina makelele, na wauzaji wengine huzishusha bei kwa kuwa vijana hawazijui. Zina matundu madogo ya mini DisplayPort, kwa hiyo dai viunganishi vyake papo hapo.

Mbili za kuepuka kwenye mashine ya zamani. RX 6400 inaonekana nzuri, wati 53 tu, lakini huongea na madabodi kwa njia nne badala ya kumi na sita, na kwenye sloti za vizazi vya zamani, PCIe 3.0 au 2.0, hupungukiwa pumzi. Intel Arc A380 nayo inategemea kitu kinachoitwa Resizable BAR, ambacho kompyuta za enzi hii hazina. Na GT 710, hata ukipewa bure, itabaki kadi ya kuonyesha karatasi za Excel.

Hatua ya 5: Dukani

Zunguka. Luthuli, Moi Avenue, Kimathi. Maduka yenyewe mara nyingi yako ghorofani, ngazi za giza, mlango wa vyuma. Uliza bei maduka matatu kabla hujaonyesha kwamba unaitaka.

Omba kadi iwekwe kwenye mashine mbele yako. Beba flashi yenye programu mbili: GPU-Z, inayosoma kadi ni ya aina gani, na FurMark, inayoisukuma kadi hadi mwisho wa nguvu zake. Kuna kadi za bandia ambazo ndani ni vitu vya zamani kama GTS 450, zimeandikwa upya ili Windows izisome kama GTX 1050 Ti. GPU-Z tangu toleo la 2018 huzitambua nyingi na kuandika FAKE kwenye jina. Kwa mwenye mnara wenye umeme wa kutosha anayewinda RX 580, tazama kwenye GPU-Z idadi ya shada (shaders, vikokotozi vidogo ndani ya kadi): kamili zina 2304. Ukikuta 2048, hiyo kwa nguvu ni sawa na RX 570, na bei nayo iwe ya 570.

Washa FurMark dakika kumi. Muuzaji ataguna. Mwambie, "Bosi, dakika kumi tu, nikiridhika nalipa hapa hapa." Sikiliza feni, tazama kama kuna vidoadoa au mistari ya rangi, fuatilia joto. Geuza kadi uone kama skrubu zimechubuka au kuna mafuta yametapakaa; kadi nyingi za AMD za wakati ule zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Si lazima ziwe mbovu, lakini feni zake zimezeeka.

Risiti iandikwe jina la kadi na muda wa waranti, kwa kalamu, na mhuri. Waranti ya mdomo huisha ukishuka ngazi.

Hatua ya 6: Kabla ya kufunga

Sasisha BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, ukiwa bado na grafiki ya zamani, na ufanye hivyo wakati stima imetulia au ukiwa na UPS, betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika katikati madabodi inaweza kufa. UPS ya 650VA, kwa njia, haimaanishi wati 650. Nyingi hutoa chini ya 400.

Tazama nyuma ya monita. Monita nyingi za ex-UK zina tundu la zamani la VGA pekee, na kadi za NVIDIA kuanzia mfululizo wa GTX 10 hazitoi tena VGA. Kiwaya cha bei rahisi kisicho na chipu ndani hakitafanya kazi. Unahitaji kigeuzi chenye chipu, kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA.

Hatua ya 7: Kufunga

Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kesi. Puliza vumbi, na kama kompyuta imekaa kando ya barabara yenye vumbi kama nyingi za kwetu, fanya hivyo nje. Ondoa kibati cha nyuma, fungua kilimi cha sloti, ingiza kadi wima, sukuma kwa nguvu sawa pande zote mbili hadi usikie "tak." Funga skrubu.

Sasa chomeka monita kwenye kadi. Kwenye kadi, si kwenye madabodi. Nimeitwa mara mbili na watu wazima waliodhani kadi imekufa, kumbe waya ulikuwa pale pale pa zamani.

Skrini ikibaki nyeusi, rudisha monita kwenye madabodi, ingia BIOS, F2 kwa Dell au F10 kwa HP, uangalie kama grafiki ya kwanza imewekwa kuwa ya PCIe. Ikikataa bado, toa kadi uirudishe. Mara nyingi haikukaa sawasawa.

Draiva chukua kwenye tovuti ya NVIDIA au AMD wenyewe. Ukihama kutoka AMD kwenda NVIDIA, safisha ya zamani kwa programu ya DDU kwanza.

Hatua ya 8: Mipangilio na safari ya majaribio

Usianze na kila kitu juu. Anza katikati, kisha panda kimoja kimoja. Picha za ndege na ardhi hula kumbukumbu ya kadi. Mawingu na vivuli hula nguvu yake. Umbali wa kuona majengo na wingi wa magari na ndege za watu wengine hula prosesa. Kwa hiyo kwa i5 ya zamani, shusha hivyo vya mwisho bila huruma na uache mawingu yapendeze.

Kisha funga fremu kwenye 30. Ndege haigeuki ghafla kama mchezaji wa mpira. Fremu 30 zisizoyumba zinapendeza kuliko 50 zinazoanguka hadi 18 kila unapopita juu ya Upper Hill.

Ondoka Wilson kwa njia ya kurukia ya 14, pita juu ya mbuga, geuka kuelekea mjini, zunguka jengo la KICC, kisha elekea Ngong. Wakati huo fuatilia joto la kadi. Nyuzi 70 hadi 80 ni kawaida. Kumbuka Nairobi iko juu: kwenye kimo hiki hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa, na feni inayosukuma hewa nyepesi hupoza pungufu kuliko kule pwani. Kesi nyembamba iliyosukumwa ndani ya kabati la TV itakuchoma kadi.

Ya mpwa wangu ilitulia kwenye 30 kila mahali isipokuwa katikati ya mji, ambako MainThread iliandikwa kwa wekundu na hakuna kadi ambayo ingeifuta. Aliridhika. Kisha akanipigia tena usiku uleule, saa nne: "Mjomba, kadi haina nguvu. Cessna inakimbia njia nzima ya Wilson na haitaki kuinuka."

Hiyo haikuwa kadi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na injini ya Cessna 172 iliyoachwa na mafuta yote hukohoa kwa kukosa hewa. Kuna nobu nyekundu ya kupunguza mafuta, karibu na ya kuongezea kasi. Ivute nyuma kidogo kidogo kabla ya kuondoka, hadi mzunguko wa injini ufike kileleni, kisha uirudishe mbele kidogo tu.